Mwenzi Densmaa

Densmaa alikuwa mjane wa mchungaji huko Mongolia, na shida yake ilikuwa moja tu: bonde. Lile bonde chini ya mwamba, lisilofikiwa na upepo, ndiko mumewe alikohifadhi kondoo kila majira ya baridi. Mume alipofariki, Gombosed, mwinyi wa pale, akaingiza farasi wake humo kana kwamba bonde halina mwenyewe. Tangu hapo kondoo wa mjane walikuwa wakifa kwa baridi. Wakifa tena mwaka huu, basi tena, atabaki na fimbo mkononi.

Ndipo serikali mpya ya chama ikamtuma mjumbe, Shirchin, kuanzisha baraza. Watu wakajaa ndani ya hema la sufu, chai ya maziwa na chumvi ikazunguka. Mmoja akauliza kama kuna chama kingine, wapate kuchagua. Shirchin akasema hiki kimoja kinatosha. Watu wakatazamana, wakaendelea kunywa chai.

Kimbembe kilikuwa neno. Mjumbe alimwita kila mtu "mwenzi", na mwenzi, nyote mnajua, yuko wa kazini na yuko wa kitandani. Alipomwambia mwenzi Densmaa asimame aseme, hema zima likaangua kicheko. Jirani yake, Bibi Tsend, hakukubali kupitwa.

"Hee, Densmaa, umeolewa lini na hukutualika?"

"Niache nidai bonde kwanza, bibi. Harusi baadaye."

Akasimama, akaeleza yote: bonde, farasi, kondoo waliokufa. Hakuna aliyecheka tena.

Shirchin akamgeukia Gombosed, aliyekaa mahali pa heshima nyuma ya moto.

"Mwenzi Gombosed, una la kujibu?"

Mwinyi akatazama pembeni. Mwenzi wa nani? Wa hawa wachunga kondoo? Afadhali afe kuliko kuitikia jina hilo. Hata watu walipoambiwa wanyooshe mikono, wa kukubali bonde lirudi kwa mjane, kisha wa kukataa, yeye hakunyoosha wake. Kazi hiyo aliwaachia watumishi wake, nao wakanyoosha ya kukataa wakiangalia chini. Woga si mchezo. Mikono ikalingana.

"Mwenzi Densmaa," mjumbe akasema, "wewe hujanyoosha."

"Kwani na mimi nahesabiwa?"

"Sasa baraza ni la nani?"

Densmaa akanyoosha mkono juu kabisa, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Shirchin akatangaza kwamba bonde ni la mjane na kura zimefungwa.

Hapo ndipo Gombosed akaupata ulimi. Akasema naye yumo, na anakataa. Shirchin akamjibu kwa upole kuwa amechelewa.

Densmaa alikuwa bado amesimama. Maisha yake yote hakuwahi kumtazama mtu yule usoni, leo alimtazama.

"Kwa hiyo, mwenzi Gombosed, farasi unawatoa lini?"

"Kesho," akajibu mwinyi, na hivyo akawa ameliitikia jina la mwenzi.