Mwana Aliyekataa Uji

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, sisi wa Palma, mji wa pwani ya kaskazini, tulikuwa tunaulizana nani atapata kazi. Vita tuliviona ni vya huko katikati ya nchi, ambako wakubwa wawili, wa serikali na wa upinzani, hawakuelewana.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kibanda cha simu sokoni. Mama mmoja muuza maandazi, asiyesikia vizuri, alimpigia mwanawe askari, na mwenye kibanda akamwekea spika. Kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama, tumeambiwa tujiandae. Kesho sisi ndio tunaanza kupiga."

"Wamewachokoza?"

"Hapana. Ni amri ya komandanti."

"Kataa."

"Askari hakatai, mama."

Mama aliisogeza simu mdomoni kama anayepuliza moto. "Wewe ulikataa uji, ukakataa chuo cha Kurani, ukakataa hata kunyolewa! Kutii umejifunzia wapi?"

Tulicheka. Kijana naye alicheka kule alikokuwa, kisha simu ikakatika. Mama hakucheka. Alijifunga leso yake upya, akaondoka.

Jamaa mmoja akasema askari wakianza kukataa amri, nchi itaharibika. Hatukumbishia. Nchi iliharibika hivyohivyo, na askari wakitii vizuri sana.

Vita vilipotulia, kijana alirudi mzima. Nilipomuuliza mama habari zake, aliendelea kukanda unga bila kuinua macho.

"Siku hizi ananitii," alisema. "Nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia kula, anakula. Yule mkaidi wangu sijui wamemwacha wapi."