Mchezo wa Taifa la Mwalimu Mkanada

Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule moja ya Garissa wakati wa vita vya kujitenga, uhuru ukiwa bado mchanga, siku ambazo lori halikwenda popote bila msafara wa askari, na jua likishazama kila mtu amejifungia kwake. Tuliomba vitabu na madawati. Tukaletewa mwalimu kutoka Kanada, na gunia la fito ndefu zenye vikapu vya nyuzi kwenye ncha.

Huo, alisema, ni mchezo wa taifa lake, unaitwa lakrosi. Mpira haushikwi kwa mkono wala haupigwi teke. Unadakwa na kurushwa kwa kile kikapu. Kisha akaeleza kwamba kwao hawajaafikiana. Wengine wanashikilia kuwa mchezo wa taifa ni hoki ya barafuni, magongo yanayochezwa kwa viatu vyenye vyuma. Watu wazima wamegombana miaka na miaka, magazetini mpaka bungeni. Alilisimulia jambo hilo kwa uchungu, kama anayetupa habari za msiba. Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Sisi tulikuwa tunazikana kwa sababu ya swali la nchi yetu ni ipi, na yeye amevuka bahari kuja kutulilia fito na barafu.

Adeer wangu, ndugu wa baba, alikuwa amehamishiwa mjini kwa nguvu kutoka upande wa Balambala, baada ya askari kuchukua ngamia wake. Siku moja alipita shuleni kunijulia hali, akasimama kutazama mazoezi, nami nikamsimulia ule ugomvi wa fito na barafu.

“Muulize mchezo huu waliutoa wapi,” aliniambia kwa Kisomali.

Nikamfasiria. Mwalimu akafurahi kuulizwa. “Tulijifunza kwa wenyeji, waliokuwapo kabla yetu.”

“Na hao wenyeji wako wapi sasa?”

Mwalimu akajikuna shingo. “Wapo. Wametengewa maeneo yao.”

Adeer alicheka mpaka akakohoa. “Wallahi! Mwambie sisi nasi tumeshatengewa. Sasa achague mchezo wetu mmoja aende nao.”

Nilimwambia mwalimu kuwa mzee anamshukuru. Akainamisha kichwa, ameridhika kabisa.

Afisa mmoja wa serikali akausikia mchezo ule, akaupenda kuliko hata mwalimu mwenyewe. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi, naye alitaka waone vijana wa Garissa wakicheza, ili waandike kwamba mambo ni shwari. Mechi ikapangwa asubuhi ya siku ya ujio wao, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya soko. Mwalimu akatangulia uwanjani na mpira wake. Mimi nikaongoza wavulana, wamepanga mstari, kila mmoja na ufito begani.

Hakuna aliyewaambia askari. Lori lao lilikata kona, likasimama kwa kishindo.

“Lala chini! Wote lala chini!”

Wavulana wakajitupa mchangani. Nikainua mikono. “Ni wanafunzi! Wanakwenda kucheza!”

“Mchezo gani wa kubeba fimbo kama bunduki?”

“Mchezo wa taifa,” nikasema.

“Taifa gani?”

Kitako cha bunduki kikanipata mbavuni. Mvulana aliyekuwa mbele alijaribu kuinuka anisaidie, wakampiga begani. Nilisikia mfupa ukilia. Fito zikakusanywa, zikatandazwa barabarani, lori likapita juu yake na kurudi.

Mwalimu alikuja mbio, amekuwa mwekundu usoni. Alimruka yule mvulana aliyekuwa akiugulia, akapiga magoti, akaanza kuokota vipande. “Zimetoka mbali sana hizi,” alisema, na machozi yakamtoka. Mimi ndiye niliyefunga mkono wa mtoto wa watu kwa kilemba changu. Afisa naye aliwahi kuwageuza wageni wake upande wa mto, akawaambia kelele zile ni za mnadani.

Mwalimu aliondoka na msafara uliofuata. Aliniaga kwa kunishika mkono, akasema anatusikitikia, kwamba hatukubahatika kuuonja mchezo wenyewe hata mara moja. Nilisubiri vumbi la malori litulie, nikaingia darasani.

Ngamia wa adeer hawakurudi. Aliishia kuuza maziwa ya mbuzi wa watu wengine, na kila aliponiona aliniuliza kama Wakanada wameshaamua. Yule mvulana alipona, ila mkono haukupanda tena kupita bega. Alirudia kandanda, akicheza pembeni, na alikuwa na mbio kuliko wote.