Kona ya Magharibi ya Sebule

Mama mkwe wangu alikaribia kuuawa kwa sababu ya sebule yangu, na maneno yaliyomweka hatarini yalitoka kinywani mwangu. Nimeyaungama zamani, nikasamehewa, namshukuru Mungu. Hata hivyo, mpaka leo mgeni akiniuliza katika nyumba hii nani analala chumba kipi, mikono yangu hupoa.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Zamani tuliipeleka kwenye chama cha ushirika, tukangoja malipo. Sasa magari yaliifuata mpaka kwetu Migato, na kila mwenye shamba la maana akaanza kuota bati. Katika maduka ya Bariadi, ambako miaka michache nyuma ungekuta rafu tupu, palijaa mapazia ya maua, makopo ya rangi, na glasi zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Kila mwanamke alitaka sebule.

Mimi nilijiona nimewatangulia wenzangu. Nikiwa msichana nilisoma maarifa ya nyumbani kwa masista, miaka miwili. Sista mmoja alikuwa akichora chumba ubaoni kwa chaki, kisha anatuuliza jicho la mgeni litaangukia wapi anapoingia. Hapo, alisema, ndipo pa kuweka kitu kizuri kuliko vyote, na vingine vikae kwa kukiheshimu. Alitufundisha kwamba rangi nyeupe hukuza chumba kidogo, na kwamba kitu kizito upande mmoja hudai kizito mwenzake upande wa pili. Alisema pia kwamba nafasi tupu nayo ni pambo. Hilo la mwisho niliandika daftarini bila kulielewa.

Mama mkwe, ambaye sote tulimwita mayu kama Wasukuma tunavyowaita mama zetu, alikuwa mjane. Alikaa katika msonge alimoolewa. Ukiingia ulikutana na giza kwanza, kisha harufu ya ndama, kisha ukaona jiwe la kusagia na ukuta wa duara la ndani palipokuwa kitanda na ghala. Upande wa magharibi, mitungi mitatu ya maji ilizama kidogo kwenye udongo wenye ubaridi. Hakuna aliyewahi kuuchora msonge ule kwa chaki, lakini kila kitu kilijua mahali pake, na hata kipofu angeweza kupika humo. Tatizo lilikuwa paa. Nyasi zilikuwa zimeoza, na nguzo ya kati imeliwa na mchwa.

Mume wangu alipokubaliana na fundi, waliona hakuna mahali pazuri pa kujenga kuliko papo hapo. Sakafu ya msonge ilikuwa imeshindiliwa na miguu ya miaka yote ile mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Msonge ukabomolewa, vigingi vikapigwa, kamba ikavutwa. Mayu akatoka alikokuwa anapepeta mtama, akasimama kwenye kona ya magharibi.

"Sogezeni kule kwenye zizi," alisema.

Mume wangu akamwuliza sababu. Akajibu tusogeze tu.

Tulitazamana, mume wangu na mimi. Kwetu mzee akikataa nyumba mpya isikae juu ya ya zamani, kila mtu anajua analinda nini: masamva, mizimu ya ukoo. Mayu alikuwa amebatizwa utu uzimani, na mimi ndiye niliyemfundisha sala zake, jioni baada ya jioni, kwa Kisukuma. Niliona kazi yangu inatikiswa. Nikapiga goti mbele yake kama mkwe anavyopaswa, nikamwambia kwa upole, "Mayu, hayo tuliyaacha."

"Haya," alisema, "tuliyaacha." Akarudi kwenye ungo wake.

Nyumba ikasimama, vyumba vitatu na sebule. Nilipaka kuta chokaa nyeupe, sakafu ya saruji nikaing'arisha kwa rangi nyekundu. Makochi mawili ya mbao yalitoka kwa seremala wa mjini, nami nikayafumia vitambaa kwa mkono. Kabati la vyombo, lenye vioo, niliweka kwenye kona ya magharibi, kwa kuwa mgeni akivuka kizingiti jicho lake lilikwenda huko moja kwa moja. Ndani yake nikapanga glasi sita na picha ya Moyo Mtakatifu. Majirani walikuja kutazama na kusifu. Mayu tulimpa chumba cha nyuma, chenye dirisha. Hakuketi kwenye kochi hata siku moja. Alisimama mlangoni mwa sebule, anaangalia kabati, kisha anaondoka.

Hayakupita majuma mengi, kona ile ikaanza kulowa.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Visima vilikuwa vimekauka, ardhi ya nje imepasuka, lakini sakafu yangu chini ya kabati ilikuwa na unyevu kama kwapa la mgonjwa. Rangi nyekundu ikatoa ukungu mweupe. Chokaa ya ukutani ikavimba, ikabanduka, ikaacha doa lenye urefu wa mkono wa mtoto. Niliipaka upya. Likarudi pale pale. Kisha glasi zikaanza kulia. Mchana wa jua kali, hakuna mtu anayetembea, nikiwa peke yangu nafuma, nilisikia glasi zikigusana ndani ya kabati, taratibu, mara moja, mara mbili, kama mtu anayetaka kuangaliwa. Nilishika rozari. Zilinyamaza, nikaendelea kufuma, zikaanza tena.

Fundi alipokuja alibonyeza sakafu kwa kisigino. Alisema udongo wa chini umelegea, kabati limeegemea mbele, upepo ukitikisa bati na glasi zinatikisika. Nilimwuliza kwa nini udongo ulegee katika ukame. Alibonyeza tena, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Siku ya sala ya jumuiya yetu ndogo ya kanisa, tulipomaliza Injili na kila mmoja akaleta ombi lake, niliomba waniombee. Nikaeleza yote, unyevu, doa, glasi. Nilieleza vizuri mno, maana nilipenda kusikilizwa. Tukasali. Tulipokuwa tunakunja mikeka, jirani yangu mmoja, mwanamke tuliyelima naye bega kwa bega, akaniuliza kwa sauti ya chini, nikienda shambani au kanisani, nyumbani hubaki nani.

Nikamwambia hubaki mayu.

"Na macho yake yale," alisema.

Mayu alikuwa na macho mekundu. Wanawake wote wa umri wake walikuwa nayo, kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe ambacho ndicho kuni zetu pasipo na miti. Lakini katika nchi yetu, miaka ile, mwanamke mzee mwenye macho mekundu akishatajwa, mara nyingi hakumaliza msimu. Walikuja watu wasiojulikana, na mapanga. Tulimzika bibi wa namna hiyo kijiji cha jirani, nami nilikuwa mwimbishaji. Nilijua vizuri kabisa jirani alikuwa anasema nini. Sikumjibu. Kutomjibu kwangu ndiko kulikokwenda kijijini kama ushahidi.

Wiki ile watoto waliacha kuja kwa mayu kuomba michembe, viazi vitamu alivyovikausha. Alipokwenda kisimani, wanawake walimpisha foleni bila kumtazama. Alisalimia, "Mwangaluka," na jibu likarudi nusu, au halikurudi. Jioni aliketi jikoni akichambua kunde, na mimi nilikuwa naangalia mikono yake, nikijiuliza imefanya nini. Nasema kweli mbele za Mungu: kwa siku tatu niliamini. Nilipika chakula chake nikakiombea kabla ya kumpa, na chakula nilichopewa naye nilimwagia mbwa.

Siku ya tatu alipita mtu anayenunua kuku. Sikuwahi kumwona. Alisifu nyumba, akasifu makochi kupitia mlangoni. Kisha, huku anafunga miguu ya jogoo, akaniuliza bibi wa hapa analala chumba kipi.

Nikamwambia hapa hatuuzi kuku tena. Aliondoka anatabasamu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya dirisha la mayu. Nilikuwa nimelichagua mwenyewe, pana, kwa sababu sista alisema mwanga ni nusu ya uzuri wa chumba. Mtu mzima angepita humo bila kuinama.

Jumapili iliyofuata nilitoka kwenda misa nikiwa kama mlevi kwa kukosa usingizi. Nilifika kwenye njia panda, nikaona sina kitabu cha nyimbo. Nilirudi. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Niliingia, nikamkuta mayu amepiga magoti nyuma ya kabati, shavu limegusa ukuta, ana kibuyu mkononi. Alikuwa anamimina maji katika ufa kati ya sakafu na ukuta, polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa, huku anasema maneno ya chini chini. Maji yenyewe alikuwa ameyapunguza kwenye sehemu yake ya kuoga. Baadaye nilikumbuka alivyokuwa anaoga kwa kikombe.

Nilitaka kukimbia. Nikabaki, na leo nashukuru.

"Mayu, unazungumza na nani?"

Hakushtuka. Alimaliza maji kwanza. "Na mkubwa wa mume wako," alisema.

Nikamwambia mume wangu ndiye mzaliwa wa kwanza.

"Wa kwanza aliyelia."

Akanieleza pale pale sakafuni. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alizaliwa bila sauti. Mtoto asiyelia hakufanyiwa matanga. Wanaume hawakuambiwa amezikwa wapi. Wanawake walimzika ndani, chini ya mitungi, mahali pa ubaridi, ili udongo usimkaukie na tumbo la mama lisikauke pamoja naye. Mama wa nyumba alipaswa kuhakikisha pale panabaki na maji. Waliomsaidia kumzika wote walikuwa wamekufa. Alipotuambia tusogeze nyumba, lilikuwa jambo la mwanamke, na mwanawe alikuwa amesimama pale pamoja na fundi, angelisemaje? Nami nilipopiga goti nikataja yale tuliyoyaacha, alifikiri kwamba katika dini niliyomfundisha mtoto huyu naye ni wa kuachwa.

"Sijamwomba kitu," alisema. "Namwambia tu Baba Yetu, ile uliyonifundisha. Kwani naye si anaweza kuisikia?"

Niliketi chini kwenye unyevu, na gauni langu la kanisani. Sikwenda misa siku ile.

Mume wangu nilimwambia, kwa ruhusa ya mayu, pamoja na habari ya mnunuzi wa kuku. Alitoka nje, akakaa zizini muda mrefu. Aliporudi alihamisha kitanda cha mama yake kikawa katika chumba chetu cha katikati, kisicho na dirisha la nyuma, na chetu akakipeleka chumba chenye dirisha. Tulilala humo msimu mzima, kila mbwa akibweka tunashikana mikono.

Lakini kuhamisha vitanda hakukufuta neno, na kueleza ukweli wote kungekuwa kuiweka siri ya mayu kwenye midomo ile ile. Nilisali siku mbili. Kisha nikatoa glasi kabatini, tukalisogeza kabati upande wa mlango, ambako halikupendeza hata kidogo. Katika kona ya magharibi nilichimba shimo dogo kwenye saruji, nikakalisha mtungi wa mayu, ule mkubwa, chini yake mchanga. Mtungi hutoa jasho. Kila anayeingia angeona penye unyevu na angeona sababu yake.

Ilipofika zamu ya jumuiya kusali kwetu, walikuja wengi kuliko kawaida. Najua walifuata nini. Nilimweka mayu kwenye kigoda kando ya mtungi, kata mkononi. Kabla ya Injili nilisimama, nikawaambia kwamba mara ile niliomba maombi kwa ulimi mlegevu, kwamba fundi ameeleza habari ya udongo, na kwamba ndani ya nyumba hii hakuna aliyenidhuru. Mimi ndimi niliyemdhuru mtu. Nikamwendea mayu, nikapiga goti, akanichotea, nikanywa mpaka mwisho mbele yao.

Yule jirani yangu aliangalia mtungi, akaangalia makochi. Nadhani naye alikuwa ameogopa, kwa namna yake.

"Mtungi sebuleni," alisema. "Na kesho si utatuletea ndama wakae kwenye kochi?"

"Ndama wana adabu kuliko wewe," mayu alimjibu. "Lete mkono."

Watu wakacheka. Jirani akanywa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na nilihesabu midomo yao mpaka wa mwisho.

Salamu zilirudi polepole, kama mvua ya mwaka ule. Yule mnunuzi wa kuku sikumwona tena. Mayu aliishi miaka mingine mingi, akafa kwa uzee, mchana, kitandani mwake, na padre alikuwa amefika. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, maana siyo wote waliopewa.

Lakini miaka ile ya kati aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa sebuleni, mimi nafuma, yeye anaongeza maji mtungini.

"Na wewe uliamini?"

Ningeweza kukataa. "Siku tatu, mayu."

Alifunika mtungi, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mimi nilikuogopa mwaka mzima tangu nikuambie," alisema. "Kila ulipochukua jembe, nilifikiri unakuja kumfukua."

Kisha akaja, akaketi kwenye kochi kando yangu, kwa mara ya kwanza, akaomba nimwonyeshe namna ya kufuma.