Siagi ya Tamdin

Hapa kwetu milimani mtu akiumwa mgongo haulizwi ameanguka wapi. Anaulizwa kama analala. Akisema halali, basi ni upepo umemwingia mwilini, na mwenye upepo hupelekwa kwa Ama Tsamcho, yaani Mama Tsamcho, akakandwe.

Ama Tsamcho ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, bibi mfupi mwenye viganja vipana na maneno ya kuhesabika. Dawa yake haina makuu: kisibiti na kungumanga vilivyopondwa, vikafungwa kwenye kitambaa cheupe, fundo likachovywa katika siagi ya moto na kukandamizwa penye maumivu. Huanza utosini, akaja katikati ya kifua, kisha akashuka na uti wa mgongo pingili kwa pingili. Fundo likipoa, linarudi sufuriani. Nimewaona wanaume wakiingia wanafoka, na kabla chai haijamiminwa wanakoroma. Mimi mwenyewe sijawahi kumaliza mkando macho wazi. Huona malisho yakipita chini yangu polepole, maua ya njano, marehemu baba akinywa chai yake ya chumvi, na kila mahali harufu ya kungumanga. Nikiamka huwa nimesahau nilikuja kwa sababu gani.

Ila siagi lazima iwe imelala mwaka. Siagi mpya hulainisha ngozi tu, upepo unaicheka.

Sasa msimu wa baridi uliopita barafu ya mto ilipasuka chini ya farasi wa Tamdin, mwana pekee wa Ama Tsamcho, wakazama wote wawili. Bonde zima lilitoa siagi yake ya zamani iwe mafuta ya taa za kumsindikiza marehemu. Ziliwaka majuma yote ya matanga, nyumba ikawa na mwanga wa dhahabu mchana na usiku, hata mtu ukahisi unatembea ndani ya maji. Taa zilipozimwa, hakuna aliyebaki na siagi ya maana. Na hapo ndipo Lhakyi, mjane wa Tamdin, akashikwa na upepo.

Ulimkaa kati ya mabega, leo kulia, kesho kushoto. Mkono haukupanda kupita kifua. Mwanamke asiyeweza kukamua yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, atapandaje nao malisho ya kiangazi? Mjomba wa Tamdin akaja na kauli yake, tena akiwa amekaa kwenye zulia la marehemu, jambo lililonichefua: wanyama watahamia kwake, na Lhakyi arudi kwa wazazi wake ng'ambo ya mlima. Bibi atabaki na nyumba. Nani atamchotea maji, hakusema.

Ama Tsamcho akamkanda mkwewe kwa siagi mpya, mara kadhaa, akijua ni kujidanganya. Maana siagi ya mwaka ilikuwepo. Ilining'inia ghalani ndani ya tumbo la kondoo, ile ambayo Tamdin aliishindilia na kuishona mwenyewe kiangazi cha mwaka juzi. Lhakyi hakutaka iguswe. Nilivumilia nikashindwa.

"Wewe, utakufa umekumbatia siagi," nikamwambia. "Yeye aliishona iliwe, hakuishona iangaliwe."

"Mume wako yuko hai, dada. Usinifundishe."

Alikuwa na haki. Lakini siku ya kuhama ilikuwa inakaribia, na alasiri moja, theluji laini ikidondoka bila haraka yoyote, nilimkuta ameitoa ghalani mwenyewe na kuiweka mapajani mwa mama mkwe wake.

Ama Tsamcho akakata uzi, akakunjua ngozi ya tumbo lile. Siagi ilikuwa imegeuka njano nzito, na juu yake, pale Tamdin alipoibana mara ya mwisho, kulikuwa na alama za vidole vyake. Zote tano. Hata gumba lake lililopinda lilijulikana.

Bibi akashika kijiko, kijiko kisishuke.

"Haijakomaa," akasema. "Tutafute nyingine."

Nilikuwa nimekaa mlangoni, na ukomavu wa ile siagi nausikia puani. Nikafungua kinywa nimpashe. Ndipo nikaona gumba lake limelala ndani ya alama ya gumba la mwanawe, linaijaza polepole, na moyo ukaniuma kweli kweli.

Lhakyi naye aliona. Akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Imekomaa, mama. Leta sufuria."

Akachota palepale penye gumba.

Siagi ikayeyuka bila kelele. Ama Tsamcho akachovya fundo, akalijaribu kwenye kifundo cha mkono wake, akalishusha. Utosi, kifua, kisha mgongo. Moshi wa samadi kavu iliyowaka jikoni ulijikunja chini ya dari kama mtu anayetafuta pa kulala, na nadhani nami nilisinzia, kwa sababu nilimwona Tamdin akiingia, anapangusa theluji mabegani, anauliza kama kuna chai. Hakuna aliyeshtuka. Nilipozinduka Lhakyi alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, kwa mara ya kwanza tangu barafu ile.

Alipoamka akanyoosha mkono hadi sikioni. Akaurudisha, akaujaribu tena. Akasema mjomba aambiwe atafute wanyama wengine, hawa atawakamua mwenyewe, hata kama mwanzoni ni kwa mkono mmoja. Mimi nikaanza kucheka na machozi yananitoka.

Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama sufuria, ambamo siagi ilikuwa bado ya moto.

"Sasa lala wewe, mama."

"Mimi siumwi."

"Hulali. Nakusikia kila usiku, kwa vile na mimi silali."

Bibi akatazama huku na huku kama aliyekosa pa kutokea. Kisha akafungua mshipi, akateremsha joho, akalala kifudifudi. Yeye ameukanda mgongo wangu tangu nikiwa msichana, na wake sikuwahi kuuona.

Lhakyi akachovya fundo, akalikamua kidogo, akainama.

"Panauma wapi, mama?"

Ama Tsamcho akauzamisha uso kwenye zulia.

"Kote, mwanangu," akasema. "Kote."