Breki ya Stima

Gari nililojiundia nyuma ya nyumba yetu Ngoingwa halikuwa na handibreki. Kila nikiliegesha, mama alilizuia kwa jiwe. Siku nilipolifungia breki ya stima, niliyoing'oa kwenye gari bovu Ruiru, nililisimamisha pale mteremkoni mbele ya geti, nikabonyeza kitufe. Ngrrr! Nikashuka, nikalisukuma kwa bega, kisha kwa makalio. Wapi! Nikaruka kama mwendawazimu. Miaka miwili nahangaika gari liende, leo nashangilia kwa sababu limekataa kwenda!

"Na stima zikipotea?" mama akauliza.

Nikamwambia inatumia betri.

Akalisukuma jiwe lake chini ya gurudumu. "Hata simu yako ina betri, na kila nikikupigia naambiwa mteja hapatikani."