Njia ya Mbao Hujengwa Wageni Wakija

(Jina la mwandishi na la kituo chake tunayo, tumeyaficha kwa ombi lake. Mhariri)

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka ishirini na mitatu, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike ambaye bado ananyonya. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie nikiandika vibaya. Naishi Karatu, nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti cha chuo kikuu, katika nyumba ya setla wa zamani. Wataalamu wanaleta majani na maua kutoka msitu wa Ngorongoro, mimi nayabana katikati ya magazeti ya zamani ili yakauke, na kila siku nabadilisha magazeti yaliyolowana. Ndivyo nilivyoufahamu ukurasa huu. Nimesoma shida za watu wengi humu huku mikono imelowa, sikujua kwamba nami nitaandika.

Nilipoajiriwa nilikuwa mzima. Wakati wa kujifungua uchungu ulinishika muda mrefu sana, mtoto akatoka salama lakini mguu wangu wa kulia haukurudia hali yake. Wayo unaning'inia, hata nikiukanyagia hausikii kitu. Mganga wa zahanati alisema mshipa umeumia, labda utapona, labda hautapona. Sasa mtoto anatambaa na mguu bado.

Nyumba ile iko kwenye mteremko, imeinuliwa juu ya nguzo za mawe, na ngazi za kupanda barazani ni za mawe, nyembamba, hazina pa kushika. Ukungu wa asubuhi ukishuka zinateleza kama sabuni. Mimi nazipanda kwa makalio. Nakaa ngazi ya chini, nazipa mgongo, mtoto kifuani, najisukuma kwa mikono, ngazi moja baada ya nyingine. Wenzangu walishazoea, wananiruka wanapita. Mmoja alikuwa akinitania, "Lori linarudi nyuma hilo, wekeni jiwe." Nilicheka naye, ningefanyaje.

Siku moja niliteleza, mtoto akagonga paji la uso kwenye jiwe. Nilikwenda kwa Mkuu wa kituo damu ya mwanangu ikiwa kwenye kanga, nikamwomba anipe chumba cha chini nifanyie kazi huko, au fundi anijengee njia ya mbao kando ya ngazi.

"Chini kuna unyevu, majani yataoza," akasema. "Na mbao hatuna."

"Na mtoto, Ndugu Mkuu?"

"Mtoto si mtumishi wa chuo, dada."

Hayakupita majuma mengi, mbao zikapatikana. Alikuwa anakuja mtaalamu mmoja mama wa Kizungu anayetumia kiti cha magurudumu. Fundi wetu, mzee wa kijiji cha Buger, akajenga njia ndefu ya mbao, ina ukingo wa kushika. Wakati wote mgeni yule alipokuwepo nilipanda kazini nimesimama, mtoto mgongoni. Sijui niwaelezeje. Mwanangu alikuwa anachungulia begani kwangu anacheka, na mimi nikajiona mtu. Siku moja akaja mpiga picha wa chuo, akanipiga picha nikiwa katikati ya mbao.

Mgeni aliondoka Jumamosi. Jumatatu nilikuta ngazi tupu. Mbao zilikuwa nyuma ya nyumba ya Mkuu, zimekuwa banda la kuku.

Chuo hutoa kijarida cha habari za watumishi. Kilipofika, picha yangu ilikuwemo, kwenye habari za afya kazini. Mkuu alikisoma kwa sauti wakati wa chai, kwamba kituo chetu kimewatangulia wengine kwa kuwajali watumishi wasiojiweza. Watu wakapiga makofi. Asiyejiweza ndiye mimi, ninayekamua ng'ombe alfajiri, nikapika, nikambeba mtoto mpaka kazini kwa mguu mmoja.

Sasa kwa ajili ya kijarida kile, wakubwa kutoka chuoni wanakuja kujionea. Mkuu aliniita.

"Utapanda mbele yao na mtoto mgongoni, inapendeza. Halafu utasema maneno mawili ya shukrani."

"Mbao zikibaki baada ya wageni, nitasema."

Akacheka. "Sasa kuku wangu walale wapi?" Kisha hakucheka tena. "Wasichana waliomaliza darasa la saba wamejaa Daa na Buger, dada. Wana miguu miwili."

Baba mtoto si mtu mbaya, kila jioni ananikanda mguu kwa samli. Lakini na yeye anasema, "Sema asante yaishe, mama. Ukifukuzwa tutakula hayo majani yako?"

Aliyenimaliza ni yule fundi. Juzi alinifuata ninaponyonyeshea, akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, nimeambiwa safari hii nipige misumari michache, ili wageni wakiondoka mbao zing'oke bila kupasuka. Ukipanda pita katikati. Na usimfunge mtoto mgongoni."

Mwanangu hatapanda mbao zile, hilo nimekwisha kuamua, wala sitaki ushauri. Atabaki chini mikononi mwa fundi. Ninalowauliza ni langu mimi. Nipande peke yangu, niseme asante, nibaki na kazi? Au wageni wakishasimama barazani, nikae ngazi ya chini, niwape mgongo, nipande kwa makalio kama ninavyopanda siku zote, wao wakitazama?

Kina mama mnaosoma ukurasa huu, mngekuwa mimi mngepita wapi? Naomba mnijibu mapema. Wageni wanakuja mvua zikikatika, na kuku wameshahamishwa.