Mashua Iliyojengwa Mlimani

Kutoka ukingo wa vilima vya Manga, siku isiyo na ukungu, ziwa huonekana mbali kama bati jipya. Nililitazama hivyo tangu utotoni. Sikuwahi kuligusa.

Nilimaliza darasa la nane, nikabaki nyumbani Keumbu na useremala. Mchoro wa ile mashua niliupata kwenye simu. Ilikuwa ya tanga, ndogo, yenye kijumba cha kulala watu wawili. Ubao wa chini, unaozuia mashua isilale upepo ukivuma, uliweza kupandishwa juu kwa kamba. Mlingoti nao uliweza kulazwa. Kwa hiyo mashua nzima iliweza kukaa juu ya trela na kuvutwa na gari. Hilo ndilo lililonishika: mashua inayoweza kuishi mlimani kama sisi.

Mbao zilikuwa za nyumba yangu. Kwetu kijana hujenga saiga, nyumba yake ya kwanza, katika boma la baba yake, na baba alikuwa amenipandia saipresi za kazi hiyo. Nilipomwomba asubuhi nizitumie, alitoka kwenda kuzitazama. Jioni akasema, "Kata. Lakini hakuna nyingine."

Nilijenga polepole. Vijana wa bodaboda walisimama barabarani wakiniita.

"Fundi! Gharika ni lini, tujiandikishe?"

"Mwacheni, anaoa samaki huyo!"

Niliendelea kupiga randa.

Trela ilipochomelewa huko Keroka, mashua ikawekwa juu yake, na pikapu ikapatikana ya kutupeleka ziwani, baba aliizunguka mashua akiigonga kwa kidole. Yeye ni fundi wa matangi ya mabati.

"Umeipima?"

"Bado, tata."

"Hakuna tangi langu linalotoka hapa bila kujazwa. Ijaze."

"Lakini hii, tata, maji yake hukaa nje."

"Maji ni maji. Yasipotoka, hayataingia."

Niliona amesema kweli. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mashua. Hata wale wa bodaboda waliacha mzaha, wakabeba mitungi kutoka mtoni. Tuliijaza mpaka karibu na ukingo. Halikutoka tone. Baba alicheka, akanishika bega mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo.

Kisha mbao zikalia.

Trela iliishika mashua mahali pawili tu, mbele na nyuma. Katikati hapakuwa na kitu chini yake, na maji yote yale yalikuwa yakilala hapo. Tumbo lilishuka, likapasuka pale kwenye tundu la ule ubao wa kupandishwa, na maji yakamwagika migombani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Dereva wa pikapu alikuja asubuhi iliyofuata, akatazama, akaondoka bila kuzima injini.

Baba alileta nyundo. Tulizing'oa mbao moja moja, tukitafuta zinazofaa kwa saiga. Alikuwa anauweka kila ubao chini, anapiga magoti na kufunga jicho moja kuona kama umenyooka. Kisha anauegemeza kando, anachukua mwingine.

Zote zilikuwa zimepinda, vizuri kabisa, kama nilivyozipinda. Hakuna ukuta unaojengwa hivyo.

Bado nalala jikoni kwa mama. Sijarudi ukingoni Manga.